Sostenes Wawili

“Hebu nambie, Mama Agape, huko kanisani kwenu mtu anaweza kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja?”

Safia aliuliza hivyo kutoka mlangoni, sahani ya maandazi mkononi, macho yakiwa yameshaingia ndani kabla yake. Alikuwa Mzanzibari, muuza vitambaa, na chumba chake kilipakana na cha Kalista kwenye ghorofa ya tatu ya nyumba moja nyembamba mtaani Kangle, mjini Guangzhou, China. Chini kabisa palikuwa na karakana ya kushona suruali, na vyerehani vyake vilinguruma mchana kutwa mpaka vikombe vikagongana kabatini.

Kalista hakuona mtego. Swali la dini yeye alilijibu kama dini.

“Wapo walioonekana hivyo,” akasema. “Mtakatifu Antoni alikuwa anahubiri kanisani, na saa ileile wenzake wakamwona monasterini anaimba nao. Padri wetu wa Kibosho alitusimulia.”

“Basi Mungu kakujaalia nawe wa kwako.” Safia akaelekeza kidevu kitandani. “Huyu hapa Sostenes kalala, mguu juu ya mto. Na mdogo wangu Dullah karudi sasa hivi uwanjani, ananambia Sostenes leo kafunga mabao mawili. Mie nikasema nije nimsalimu mtakatifu, nimletee na maandazi.”

Kijana aliyekuwa kitandani akajivutia shuka mpaka usoni. Kalista alicheka. Kisha akamtazama Safia, akaona kwamba Safia hacheki, na kicheko chake kikakauka kama maji yaliyomwagika juani.

Safia akaweka sahani mezani. “Mie sikusema kitu,” akasema, akarudi kwake.

Kalista alivuta kigoda, akakaa karibu na kitanda. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Mumewe, mwalimu Protas, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba Kalista akinyamaza, hata kuku wanaanza kujieleza.

“Ni Dullah, mama,” Sostenes akasema kutoka ndani ya shuka. “Anacheza kwa kadi yangu.”

“Kwa hiyo ni mamluki.”

“Ni mechi chache tu zimebaki.”

“Mimi sikuuliza ni ngapi. Nimesema ni mamluki.”

Kalista alilijua neno hilo tangu zamani, maana mumewe alikuwa mwalimu wa michezo, na kila mwaka mashindano ya shule yalipofika kulitokea mwalimu wa shule nyingine aliyeleta mwanafunzi wa darasa la sita mwenye ndevu na watoto wawili. Protas alikataa mchezo huo, akafungwa kila mwaka, na kila mwaka alirudi nyumbani akila vizuri.

Lakini hapa haikuwa Kibosho, na hawa hawakuwa watoto wa shule. Hawa walikuwa vijana ambao bila wao Kalista angekuwa ameshazikwa.

Mwaka uliotangulia alikuwa amekuja Guangzhou kwa safari yake ya tatu kununulia duka lake la Moshi nguo. Alitembea barabara ya maduka ya Guangyuan Xilu kutwa nzima, ghorofa hadi ghorofa, duka hadi duka, akibishana bei kwa vidole na kwa maneno machache ya Kichina aliyoyaokota, na tumbo likimkata naye akijiambia ni chakula cha kigeni. Siku ya tatu hakuweza kuinuka. Jovin na Sostenes, wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi aliokuwa amefahamiana nao kanisani kwa sababu waliimba Kiswahili chinichini kwenye benchi la nyuma, walikuja kumjulia hali, wakamkuta sakafuni. Jovin alimbeba mgongoni ngazi zote mpaka barabarani. Hospitali wakampasua, wakasema damu inahitajika na ndugu wa mgonjwa ndio wa kuitoa. Sostenes akanyoosha mkono, akasema, “Mimi ni mwanawe.” Mwuguzi aliwatazama, akaona wote weusi, akaamini.

Alipopona, daktari alimkataza kunyanyua mizigo na kusafiri kwa muda mrefu. Basi akabaki. Wenzake wa Moshi wakawa wanamtumia maagizo, yeye anawachagulia nguo, na wakala anapeleka robota bandarini Huangpu. Na kwa kuwa mtu hawezi kurudisha damu, aliamua kurudisha chakula. Kila Jumapili baada ya misa alipika mtori wa ndizi mbichi, ambazo Guangzhou kwa neema ya Mungu zimejaa sokoni kama Kibosho, na timu yao nzima ya mpira ya wanafunzi wa kigeni ikaja kula kwake, wengine wamekaa ngazini kwa kukosa nafasi. Jezi zao alizifua yeye. Alizijua zote kwa majasho yake, na kabla ya kuzianika alimtaja kila mwenye jezi katika sala.

Timu yenyewe ilikuwa ya kuombewa kweli. Chuo kilikuwa na timu yake kubwa ya Wachina, yenye kocha na uwanja wa nyasi. Hii nyingine iliitwa tu timu ya wageni. Ilifanya mazoezi nyuma ya jiko la chuo, penye kokoto, ikanunua jezi zake yenyewe, na katika mashindano ya vyuo vya mji ilikuwa imezoea kutolewa mapema, ikapigiwa makofi ya huruma na kurudi kwenye kokoto zake. Lakini mwaka ule, mwaka wa Kombe la Dunia la Ufaransa, Jovin akiwa nahodha na ni mwaka wake wa mwisho, mkuu wa chuo alisema maneno ambayo vijana waliyashika kama amana. Alisema wageni wakichukua kombe, hawataitwa tena timu ya wageni. Wataitwa timu ya chuo, na watacheza kwenye nyasi.

Na walikuwa wanashinda. Golini alikaa Mutiso, Mkamba wa Machakos mwenye mikono kama makasia, na mbele alikuwa Sostenes. Wanafunzi wa Kichina walikuwa wamelikata jina lake, wakamwita Suo, na akigusa mpira uwanja mzima ulisema, “Suo, Suo,” kama watu wanaofukuza kuku.

Kisha, kwenye mechi ya mvua, beki mmoja alimkanyaga Sostenes kwenye muundi kwa njumu za chuma. Damu ilitoka, ikakatika, akamaliza mchezo. Kesho yake mguu ulivimba. Siku hiyo jioni Jovin alikuja Kangle akiwa amemkokota, akasema, “Mama, naomba akae kwako kidogo apumzike, bwenini kuna kelele.” Kalista hakuuliza hata neno. Alitandika kitanda chake, yeye akahamia kwenye mkeka. Mtu aliyekutolea damu akiomba kitanda, unauliza kwa nini?

Sasa ndipo alipojua kwa nini.

Jumapili Jovin alipofika, Kalista alimpakulia kwanza, akamwacha ashibe, kisha akamuuliza.

“Usajili umefungwa, mama,” Jovin akasema. Alikuwa kijana mrefu, mtaratibu, aliyependa kueleza jambo kama mtu anayejenga ukuta. “Hatuwezi kuongeza mtu. Na bila mshambuliaji hatufiki popote. Dullah anajua mpira, alikuwa anacheza Kariakoo. Tumempa jezi na kadi, basi.”

“Na mwalimu wenu wa michezo haoni?”

Hapo Mutiso aliyekuwa ngazini akaingilia. “Mathe, Mwalimu Liang ameingia juzi tu. Anatuangalia kumi na mmoja, anaona mtu mmoja na vioo kumi.”

Wakacheka. Kalista naye alitabasamu. Yeye mwenyewe, miezi mingi baada ya kuhamia pale, alikuwa akimsalimu dada wa Laobani Chen akidhani ndiye Chen. Laobani ndivyo walivyomwita kila bosi wa Kichina, na huyu Chen alikuwa ndiye mwenye karakana ya chini, mama mnene asiyecheka ovyo. Siku Kalista alipowakuta wote wawili wamesimama pamoja aliona haya, akaomba radhi kwa machungwa.

“Na Sostenes?” akauliza. “Mguu wake utatazamwa na nani?”

“Dawa tumemnunulia, mama. Vidonge na zile plasta zao za majani. Hospitali hawezi kwenda, wataandika kwamba Sostenes ni mgonjwa, na Jumamosi Sostenes anatakiwa uwanjani. Hata bwenini hawezi kuonekana anachechemea. Mwaka huu hana vipindi, anaandika kazi yake ya mwisho tu. Anaweza kuandikia hapa.”

“Kombe likishapatikana?”

“Siku hiyohiyo nampeleka mwenyewe.”

Kalista alimtazama Sostenes. Sostenes akainua kidole gumba kutoka kitandani. “Mimi niko tayari, mama. Nimeshafunga mabao mengi nikiwa nimelala kuliko niliyofunga nikiwa nimesimama.”

Basi Kalista akanyamaza. Shukrani ilimziba mdomo. Aliwaza, hawa wawili waliponiokoa hawakunipa masharti, nami ni nani hata niwape? Akaendelea kupika, kufua, na kusali rozari yake karibu na kile kitanda, na jezi ya Sostenes aliyoifua ilikuwa na jasho la Dullah.

Dullah mwenyewe alikuja kumjulia hali mwenzake kila baada ya mechi. Alikuwa mchangamfu, mwembamba, biashara yake redio za mkononi.

“Vipi, mimi?” alikuwa akimwambia Sostenes.

“Salama, mimi. Jana nimecheza vizuri?”

“Umepiga krosi moja noma, mshkaji. Ila ile penalti umekosa.”

“Nimekosa mimi au umekosa wewe?”

“Penalti umekosa wewe. Bao nimefunga mimi.”

Walicheka mpaka Safia akagonga ukuta. Gazeti la chuo lilitoa picha ya mfungaji, na chini yake jina la Sostenes kwa herufi za Kichina. Sostenes aliitazama sana. “Nimetoka mzuri,” akasema, “ila masikio ni ya Kariakoo.”

Lakini Kalista, aliyekuwa akifungua plasta zile kila asubuhi, aliona kwamba chini ya kicheko mguu ulikuwa haupoi. Jeraha lilikuwa dogo juu, na pembeni mwake ngozi ilikuwa imekaza na kung’aa. Ukiigusa ilikuwa ya moto. Timu ikashinda robo fainali. Plasta ikaanza kutoka na harufu. Timu ikashinda nusu fainali, wakaja na ngoma za ndoo kusherehekea, na Sostenes akaimba nao akiwa amekaa, meno yakigongana, akasema ni baridi. Guangzhou mwezi ule haikuwa na baridi.

“Mficha maradhi, kilio kitamuumbua,” Safia alimwambia Kalista wakiwa wanaanika nguo. “Mdogo wangu yumo kwenye mambo haya, najua. Nimemwambia, hataki. Lakini wewe ndiwe umelala chumba kimoja na huo mguu. Miye naunusa kwa ukuta.”

“Imebaki mechi moja.”

“Mguu unajua kuhesabu mechi?”

Jioni ile Kalista alimwambia Sostenes waende hospitali. Sostenes alimshika mkono. “Mama, nikienda sasa, wote wameumia bure. Jovin amengoja miaka mitano. Jumamosi tu.” Mkono wake ulikuwa wa moto, na Kalista akakubali, na alipokubali alijua kwamba amefanya jambo ambalo asingelifanyia mwanawe Agape.

Jumamosi ya fainali ilifika. Vijana walipita asubuhi kuchukua jezi, wakamwomba awabariki, akawabariki. Walipokwisha kuondoka alirudi kwa Sostenes na uji. Sostenes alimtazama, akamwita kwa jina la mamaye. Akamuuliza kama ng’ombe wameshapewa maji.

Kalista aliweka uji chini. Akafunua shuka. Kutoka kwenye jeraha mstari mwekundu ulikuwa umepanda, umepita goti, unaelekea kwenye paja, kama mtu aliyechora njia.

Hakusali sala ndefu. Alisema, “Bwana, nisamehe nimekawia,” akagonga ukuta kumwita Safia. Wawili hao walimteremsha kijana ngazi kwa ngazi, yeye mbele, Safia nyuma, mpaka karakana. Laobani Chen aliutazama mguu mara moja. Hakuuliza. Alimwaga majora ya vitambaa kutoka kwenye guta lake la matairi matatu, akatandika magunia, akapanda mwenyewe na kushika usukani, Kalista na Safia wakakaa nyuma na mgonjwa.

Ilikuwa hivi. Wanafunzi wa kigeni walitibiwa katika hospitali iliyokuwa ndani ya uzio wa chuo, na mlango wake ulifunguliwa na kadi ya mwanafunzi. Kadi ya Sostenes asubuhi ile ilikuwa imelazwa kwenye meza ya waamuzi, pamoja na za wenzake, kandokando ya uwanja. Vijana walidhani wameazima jina tu. Hawakujua kwamba wameazima na kitanda cha hospitali.

Guta liliingia getini Chen akimfokea mlinzi. Uwanja wa nyasi ulikuwa umejaa, watu wamesimama mpaka kwenye kuta. Kalista alisikia “Suo, Suo,” kisha kelele kubwa ikapanda. Timu ya wageni ilikuwa imepata bao, na aliyefunga alikuwa anakimbia kuelekea kwenye kona amenyoosha mikono. Ndani ya guta Sostenes aliisikia kelele, akafumbua macho, akasema, “Nani kafunga?”

“Wewe,” Kalista akamwambia. “Tulia.”

Kalista alishuka, akaivuka njia ya wakimbiaji, kitenge chake kikubwa na kandambili miguuni, watu wakimpisha kwa kushangaa. Mwalimu Liang alikuwa amekaa mezani, mtu wa makamo, miwani mizito, uso wa upole. Alimjua Kalista kama mama wa chakula. Akasimama kwa heshima.

Kichina cha Kalista kilikuwa cha sokoni. Kilijua ghali, punguza, sitaki, hakuna. Alitazama kadi zilizopangwa mezani, akaiona ile, akaweka kidole juu yake.

“Hii,” akasema. “Nataka hii. Hospitali.”

Liang akatabasamu, akatikisa kichwa, akaonyesha uwanjani. Yule pale anacheza.

Kalista akatikisa kichwa naye. Akaonyesha guta.

Liang aliichukua kadi, akaenda kwenye guta. Chen akafunua gunia. Mwalimu aliuona mguu kwanza, akarudi nyuma hatua, kisha akainama akamtazama usoni Sostenes kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akaiangalia kadi. Akageuka kuangalia uwanjani. Kalista akaona shingo yake inabadilika rangi.

Jovin alikuwa ameshaona. Aliuacha mchezo, akaja mbio mpaka kwenye mstari.

“Mama, nakuomba,” akasema, pumzi zikimkata. “Kipindi kimoja tu. Tunaongoza. Mrudishe nyuma ya miti pale, kipindi kimoja tu, mimi nitambeba mwenyewe.”

“Jovin.”

“Ukifanya hivi umetumaliza wote. Na yeye watamfukuza chuo, umefikiria hilo?”

Kalista alikuwa amelifikiria njia nzima. Alimwangalia kijana huyu ambaye jina lake lilikuwa la kwanza katika sala zake, akaona jasho, na magoti yaliyochubuka kwa kokoto za miaka mitano.

“Siku ile ulinibeba ngazi zote,” akamwambia. “Hukuniambia nisubiri.”

Kipenga kikalia. Mwalimu Liang alikuwa ameshafika kwa mwamuzi, anamweleza maneno ambayo Kalista hakuyaelewa, kichwa chake kimeinama. Uwanja ulinyamaza kwa mafungu, upande huu kisha ule. Dullah alisimama katikati akitazama huku na huku. Mwishowe alivua jezi, akaikunja vizuri kama nguo ya dukani, akaiweka kwenye nyasi, akatembea kifua wazi mpaka kwa dada yake. Safia alimvisha mtandio wake mabegani.

Mwalimu Liang alirudi, kadi ikiwa bado mkononi, akapanda kwenye guta kando ya Sostenes na kumshika kichwa. Chen akawaendesha mpaka hospitalini.

Mguu ulipona, na hilo lisemwe kwanza. Walimpasua jioni ileile, wakasafisha mpaka kwenye mfupa. Daktari, kwa kinywa cha mwanafunzi mmoja aliyetafsiri, alimwambia Kalista kwamba usaha ulikuwa umeanza kuingia kwenye damu, na kwamba mguu huo ungefika kesho yake ungekatwa, kama mwenyewe angefika akiwa hai. Kalista alipiga magoti palepale kwenye korido, wauguzi wakimkwepa na vitoroli vyao, akashukuru kwa sauti. Alimshukuru Mungu kwa daktari, kwa guta, kwa Chen asiyeamini chochote, kwa Safia na ukuta wake mwembamba. Alishukuru hata kwa lile neno sitaki alilojifunza sokoni, maana lilimzoeza kutikisa kichwa.

Mengine yalikwenda kama alivyoogopa, ila si yote. Ushindi wote wa mwaka ule ulifutwa. Timu ya wageni ilifungiwa. Lakini Sostenes hakufukuzwa. Mwalimu Liang alisimama mbele ya wakubwa wa chuo akasema kukagua nyuso ilikuwa kazi yake, na kwamba mtu asiyewajua wanafunzi wake hawezi kuwalaumu kwa kutojulikana. Wakampa Sostenes onyo kali, na Liang wakamwondoa kwenye michezo, wakamweka kwenye stoo ya vifaa. Kalista alimpelekea mtori huko stoo. Alikula wote, akauliza kwa ishara ni ndizi gani hizi, na akaanza, siku hiyo, kuandika majina ya vijana na kumwomba Kalista amsahihishe anavyoyatamka.

Jumapili iliyofuata hakuna kijana aliyekuja kula Kangle. Wala ya pili. Kalista alipika sufuria lilelile, kwa sababu hakujua kupika dogo, akawagawia mafundi wa Chen, na kilichobaki akakipeleka wodini.

Ndipo Jovin alipokuja. Kalista alikuwa anamlisha Sostenes, akamwona amesimama mlangoni, mikono mfukoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Karibu.”

Hakukaribia. “Sikuja kukaa. Nimekuja kukwambia tu kwamba tumerudi kwenye kokoto, na hata huko wametuzuia. Wanaopita wanatuuliza leo nani anacheza kwa jina la nani. Mutiso anacheka nao. Mimi siwezi. Miaka mitano, mama. Ungenipa kipindi kimoja.”

Sostenes akataka kusema. Kalista akamgusa bega, anyamaze.

Mwuguzi akaingia na sinia la kubadilishia bandeji. Alimwona Jovin mlangoni, akamwashiria aje ashike mguu juu. Jovin akasita, kisha akaja akaushika, mkono mmoja chini ya kisigino, mwingine chini ya goti. Mwuguzi akafungua. Bandeji ikatoka taratibu, tabaka baada ya tabaka, na chini yake palikuwa na shimo refu jekundu, safi, na ndani kabisa, mahali ambapo mtu hatakiwi kujiona, kitu cheupe.

Sostenes aliuma shuka. Jovin hakuushusha mguu. Aliushika mpaka mwuguzi akamaliza kuosha, akajaza shashi, akafunga upya. Hata mwuguzi alipokwisha kuondoka na sinia lake, Jovin alikuwa bado ameushika.

“Mimi ndiye niliyemnunulia zile plasta,” akasema.

“Na mimi ndiye niliyezibandika,” Kalista akajibu.

Akamchukulia mguu mikononi, akaulaza kwenye mto. Akamimina mtori bakulini, akampa. Jovin alikula akiwa amesimama, akitazama dirishani, polepole, mpaka bakuli likawa jeupe. Kalista alimngoja amalize, maana mtu hashukuriwi mdomo wake ukiwa umejaa.

“Jovin, mwanangu,” akasema, “tangu mwaka jana nawashukuru wengine kwa ajili yako. Namshukuru Mungu, nimemshukuru mama yako ambaye simjui. Wewe mwenyewe sijawahi kukwambia. Asante kwa kunibeba.”

Jovin aliweka bakuli mezani. Alisogea kitandani, akakishika kidole gumba cha mguu wa Sostenes kilichochomoza nje ya bandeji, akakibana kuona kama mguu bado unasikia. Kidole kikajikunja, kikajikunjua.

Akakitazama kinavyofanya hivyo. Kisha akageuka, akatoka.